Kashasha 1962 na mabweni ya leo: binti anayecheka, kulia na kutetemeka bila kukoma haigizi

MatroniMstaafu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mitihani inapokaribia tunasikia habari ile ile kutoka shule fulani ya bweni. Wasichana wameanguka, wanapiga mayowe, wanatetemeka, wengine wanacheka huku machozi yanawatoka. Video zinasambaa, anaitwa mtumishi wa Mungu na kipaza sauti chake au mganga na ubani wake, mwisho shule inafungwa. Wachangiaji nao wanagawanyika makundi mawili: wa mapepo na wa "wanaigiza, wachapwe". Nimelala mabwenini na mabinti za watu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na ninachokiona ni kwamba majibu yote mawili yanamwacha mtoto peke yake na kilichompata.

Naomba nianze na kisa cha kwetu wenyewe, kinachojulikana duniani na ambacho sisi tunakisimulia kama kichekesho.

Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya kati ya misheni kijijini Kashasha, kama kilomita 40 kutoka Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Shule ilikuwa na wanafunzi 159. Hadi kufikia tarehe 18 Machi, siku iliyofungwa, 95 walikuwa wameshapatwa. Walikuwa na umri kati ya miaka 12 na 18. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa, na hilo naomba mlikumbuke.

Wasichana wakarudishwa makwao, na hali ikaenda nao. Siku kama kumi baadaye ikaibuka Nshamba, nyumbani kwa baadhi yao, na kwa miezi ya Aprili na Mei watu 217 wakapatwa pale, wengi wakiwa vijana na watoto wa shule. Kashasha ikafunguliwa tena tarehe 21 Mei, wakapatwa wengine 57, ikafungwa tena mwezi Juni. Mwezi huo huo shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, wakapatwa 48 kati ya 154. Wenyeji waliuita ugonjwa ule Enwara Yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, wengine wakasema Akajanja, yaani wazimu.

Haya tunayajua kwa sababu madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika ripoti iliyochapishwa mwaka 1963 katika jarida la tiba la Afrika ya Kati. Walipima damu, walipima maji ya uti wa mgongo, walichunguza mpaka chakula wakihofia sumu. Hawakukuta kitu. Hakuna aliyekufa. Wakahitimisha kwamba ilikuwa hali ya kisaikolojia inayoenea kati ya watu.

Sasa isomeni ripoti yenyewe muone kama kuna cha kuchekesha. Shambulio lilidumu dakika chache hadi saa kadhaa, likatulia, likarudi. Kwa aliyeteseka muda mrefu zaidi hali hiyo iliendelea siku 16. Kicheko kilichanganyika na kilio na kuhangaika huku na huko. Wengine walisema kuna vitu vinatembea kichwani, wengine kwamba kuna mtu anawafukuza. Na jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini: walipokuwa wakali, mara nyingi ni pale mtu alipojaribu kuwashika na kuwazuia kwa nguvu. Mwaka 2007 mtafiti wa vicheko Christian Hempelmann aliichambua habari hii na kusema wazi kwamba hakukuwa na kichekesho chochote nyuma yake. Kicheko kilikuwa dalili moja tu ya dhiki, pamoja na kilio.

Kwa nini mwili ufanye hivyo? Daktari wa akili wa Uingereza, Simon Wessely, mwaka 1987 aliyagawa matukio ya namna hii mafungu mawili. Lipo la ghafla: hofu inalipuka, wanazimia, wanakosa pumzi, na kwa kawaida linapita ndani ya siku moja. Lipo la polepole, linalojengeka wiki au miezi mahali penye shinikizo la muda mrefu, na hili ndilo linaloleta mitikisiko, vicheko, kucheza bila kupenda, sauti za ajabu. Fikirieni mtoto wa miaka 13, mbali na mama yake, anaamka gizani kwa kengele, anakula kwa kengele, anaogopa kufeli kwa sababu ukoo mzima umechangia ada. Akimjibu mkubwa ni utovu wa nidhamu. Akinuna, kiburi. Akilia, deko. Milango yote ya kinywa imefungwa. Mimi sishangai kwamba mwili wake unatafuta mahali pengine pa kutokea.

Na mwili ukishaanza, wakubwa ndio wanaoamua litaisha leo au litakaa miezi. Katika mji wa Strasbourg, Ulaya, mwaka 1518, watu walianza kucheza barabarani wakashindwa kusimama. Wakuu wa mji wakaona dawa ni kuwaacha wacheze mpaka ugonjwa uishe, wakawatengea mahali, wakawaletea na wapiga muziki. Waliocheza wakazidi kuongezeka. Kipaza sauti cha maombi kwenye uwanja wa shule ya bweni kinafanya kazi ile ile ya wale wapiga muziki, hata kama nia ni njema. Kila binti anayetazama anajifunza nini kinafuata na mwili wake unajiandaa.

Nilichokuwa nikifanya mimi ni hiki. Anayeanza namtoa mbele za macho ya wenzake haraka, kwa upole, na mtu mmoja anayemwamini. Si kiranja mkali, si umati. Naondoa watazamaji badala ya kumzuia yeye. Simshiki mikono wala kumkalia miguu. Naweka godoro chini na kuondoa vyenye ncha. Akitetemeka, atetemeke. Akipiga kelele, apige, huku nikimwambia kwa sauti ya chini: niko hapa, hutaumia, itapita. Waliobaki wanarudi kwenye ratiba yao, prepo inaendelea, chakula kinaliwa kwa wakati wake. Kesho yake, akishapumzika, ndipo naongea naye, na siulizi "ulikuwa na nini jana?" Nauliza nyumbani kukoje.

Majibu niliyowahi kupewa mengine siwezi kuyaandika hapa.

Karibuni tujadili.

---

Mwana_Muleba

Shikamoo mama. Mimi ni wa huko huko, Muleba. Bibi yetu alikuwa msichana mdogo miaka ile. Anasema kilichowatisha wazee si kucheka. Ni kwamba mtoto aliyefundishwa kupiga magoti kumsalimia mkubwa alikuwa anamcheka baba yake usoni na hawezi kuacha. Watu walisema ni sumu ya mabomu ya wazungu imeenea hewani. Nashukuru umeandika kwa heshima, maana kwenye mitandao ya nje wametugeuza katuni.

---

MatroniMstaafu

Marahaba mwanangu. Msalimie bibi. Hilo la kupiga magoti lina uzito sana, na yeye aliyeliona ameeleza kuliko ripoti.

---

NidhamuKwanza

Matroni, kwa heshima zote, nipingane nawe. Mimi ni mwalimu wa nidhamu. Wanaoanguka ni wale wale, wanaanguka siku ya mtihani wa majaribio, na wakiona fimbo wanaamka. Ugonjwa gani unaogopa fimbo? Tukianza kuwabembeleza na kuwawekea magodoro, shule nzima italala chini.

---

Muuguzi_wa_Zamu

Mwalimu, ngoja nikujibu hili la fimbo, maana hawa wanaletwa kwangu zahanati.

Mtu akishikwa na hofu anapumua haraka na juu juu. Hewa ya kaboni dioksaidi inapungua kwenye damu kupita kiasi. Matokeo yake midomo na vidole vinakufa ganzi, kichwa kinazunguka, kifua kinabana, na vidole vya mikono vinaweza kujikunja na kukakamaa usiweze kuvinyoosha. Yeye mwenyewe haelewi, anaona anakufa, hofu inapanda, anapumua haraka zaidi. Homoni ya adrenalini nayo inatetemesha misuli. Hakuna uigizaji hapo, na mapigo yake ya moyo ukiyapima utaona. Kwamba anaamka akiona fimbo haithibitishi kitu: hofu kubwa zaidi inaweza kuisimamisha ile ndogo kwa dakika kadhaa. Usiku inarudi, mara nyingi ikiwa na wenzake watano.

Mtulize, mwambie atoe pumzi polepole, ndefu kuliko anavyoivuta. Msimfunike mfuko usoni kama tulivyozoea kuona. Kama tatizo lake ni pumu au moyo mtamdhuru.

Na tafadhali, kabla ya kusema ni msongo wa mawazo, apimwe. Malaria kali, kifafa, sukari kushuka, homa ya uti wa mgongo, sumu ya chakula. Mwenye homa, shingo iliyokakamaa, aliyejing'ata ulimi au asiyejitambua baada ya dakika chache, hospitali mara moja. Hapo hakuna mjadala.

---

MatroniMstaafu

Asante muuguzi, umenisaidia. Kupima kwanza, siku zote.

Mwalimu, kuhusu siku ya mtihani: umeona sawasawa, ila unakosea unapofunga hesabu. Wanaanguka siku ya mtihani kwa sababu mtihani ndio unaowatisha. Kuhusu shule nzima kulala chini, hofu yako inaeleweka, na ndiyo maana nasisitiza kuondoa watazamaji na ratiba kuendelea. Fimbo mbele ya wote ni tamasha kama kipaza sauti.

---

MtumishiTu

Mama, naheshimu kazi yako. Lakini Biblia inatambua pepo wachafu, na nimewaombea mabinti wakafunguliwa mbele ya macho yangu. Sayansi isitufanye tukane ulimwengu wa roho.

---

MatroniMstaafu

Mtumishi, mimi ni mkristo na sijaandika uzi huu kubishana na imani ya mtu. Binti akitaka kuombewa, aombewe. Ila muombee chumbani, wewe na mwanamke mmoja anayemjua, mkono begani, sauti ya kawaida. Usimuulize pepo jina lake mbele ya wanafunzi mia tatu. Usimsukume akaanguka. Na usitoke pale ukamwambia kwamba ndani yake kuna uchafu, kwa sababu wewe utaondoka na gari lako na yeye atabaki bwenini na jina hilo mpaka amalize kidato cha nne. Bwana Yesu alipomfufua binti wa Yairo aliwatoa nje waliokuwa wakipiga kelele, akabaki na wazazi na wanafunzi watatu tu.

---

BintiPangani

Assalaam aleikum. Mimi niongee ya pwani, maana hapa kuna kitu kinasahaulika.

Sisi tumekua na ngoma za kupunga pepo. Wasomi wetu wa dini wanazikataza na sitaki kuzitetea kidini. Lakini tazameni zilivyokuwa zinafanya kazi. Mwanamke amenyamaza miaka, mume ana ukali, au kaolewa mbali na kwao, au watoto hawakai. Anaanza kuumwa bila sababu. Anapelekwa kwa fundi, yaani mganga wa pepo, inaandaliwa ngoma usiku kucha, siku kadhaa wakati mwingine. Pale anatikisika, anaguna, anabadilisha sauti, anacheka, anatambaa, na hakuna anayemwambia acha aibu, kwa sababu si yeye, yeye ni kiti tu. Pepo anaulizwa jina na anataka nini. Pepo anataka kanga, anataka mafuta mazuri, anataka huyu mwanamke asipigwe. Na mume yupo, amekaa mkekani, anasikia, anatoa. Maneno yale yale angeyasema mke jikoni angezabwa kofi.

Unguja wana kibuki, ngoma ya mizimu inayosemekana ilitoka Bukini, yaani Madagaska. Oman na Sudani kuna zar. Watumbuka wa Malawi wana vimbuza, ambayo UNESCO imeiorodhesha kama urithi, na wagonjwa wake wengi ni wanawake. Zote zina mpangilio: kuna mwanzo, kuna mkubwa anayesimamia, kuna watu wanaokujua wamekuzunguka, na kuna mwisho. Asubuhi umeoga, umekula, umevaa nguo mpya. Mabinti wa bwenini wamepewa tetemeko bila ngoma, bila fundi na bila asubuhi. Wanapewa video tu mtandaoni.

---

MatroniMstaafu

Wa aleikum salaam dada. Nimesoma mchango wako mara mbili. Hapo kwa mume aliyekaa mkekani ndipo penye jambo lenyewe. Tetemeko likishapita, je, kuna mtu aliyesikia na kutoa kitu? Shuleni nako ni hivyo hivyo. Kama binti amelia usiku kucha na asubuhi mwalimu anayemtongoza bado anamfundisha, tumefanya nini?

---

Shinyalu254

Hamjambo wanajukwaa. Huku kwetu Kakamega, Oktoba 2023, wanafunzi wa shule ya wasichana ya Eregi walishindwa kutembea, miguu ikitetemeka na kuyumba, wengi wakalazwa hospitalini. Video zilienea nchi nzima kwa siku moja. Sampuli zilichukuliwa zikapimwa, na maafisa wakaelekeza kidole kwenye msongo wa mawazo wa pamoja. Wengi mtandaoni waliwacheka wakisema wanahepa mtihani. Nina dada wa umri huo. Aliziona zile video na jioni akaniambia miguu yake inamwasha. Hakuwa anacheza. Nilizima simu tukaenda kukama ng'ombe pamoja, ikaisha. Kwa hivyo nakubaliana na matroni kuhusu watazamaji. Siku hizi mtazamaji yuko kwenye simu, na kufunga geti hakusaidii.

---

LikizoKwaMama

Shikamooni wote. Mimi ni mwanafunzi, nipo likizo natumia simu ya mama kwa ruhusa yake. Muhula uliopita nilianguka. Ilianza mikono, nikasikia sauti inatoka na sikujua kama ni yangu. Nilipoamka walishanipa jina. Nilikuwa nimefiwa na baba na sikulia msibani kwa sababu niliambiwa mimi ndiye mkubwa, nionyeshe subira. Swali langu, nifanye nini isirudi? Rafiki yangu ameniambia niwe napiga ngumi mto kila nikisikia uchungu, mpaka uishe.

---

MatroniMstaafu

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa baba. Na asante kwa kuandika, hukufanya kosa lolote.

Nianze na mto. Uchungu na hasira havitoki kwa mlango mmoja. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman wa Marekani aliwakasirisha wanafunzi 600 kwa makusudi. Wengine akawapa gunia la ndondi walipige wakimfikiria aliyewaudhi, wengine wakakaa tu. Waliopiga gunia ndio waliobaki na hasira zaidi. Waliokaa kimya walikuwa na hasira kidogo kuliko wote. Kwa hiyo kama ni hasira, kupiga kunaichochea kama kupuliza makaa. Hasira hushuka kwa vinavyotuliza mwili: pumzi ndefu, kunyamaza kidogo, kusogea mbali.

Wewe ulichonacho ni kilio ambacho hakijalia. Hicho kinahitaji kutoka, na hakijali kitatoka na sauti gani. Lakini kulia nako kunategemea uko na nani. Mwaka 2008 watafiti walichambua masimulizi ya vilio zaidi ya 3,000. Wengi walisema walijisikia vizuri baadaye, theluthi hivi hawakuona tofauti, na mmoja kati ya kumi alijisikia vibaya zaidi. Waliofarijiwa na mtu walipokuwa wanalia ndio hasa waliopata nafuu. Basi usijifungie. Mama yuko hapo hapo, naye amefiwa. Mwambie: mama, sikumlilia baba. Mkae chini pamoja. Ukitaka kujikunja, jikunje. Ukitaka kugaragara, mkeka upo. Sauti ikitoka kama ya mnyama, ni yako, iache. Mama asikutulize haraka, akushike tu mgongo. Mkimaliza mnawe uso, mle.

Ukirudi shule, chagua mwalimu mmoja, yule ambaye ukimwona hutamani kupita njia nyingine, umwambie kabla ya muhula kushika kasi. Ukisikia mikono imeanza, usisubiri; muage mwenzako, toka nje, toa pumzi polepole, tembea. Ikija, ije. Haiui.

---

BintiPangani

Mwanangu, na mimi niongeze moja kuhusu subira, kama umelelewa katika Uislamu kama mimi. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia mpaka swahaba akashangaa. Akasema jicho linatoa machozi, moyo unahuzunika, na hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Lililokatazwa ni kujipiga mashavu na kuchana nguo. Kulia kwa uchungu wa baba yako hakukutoi kwenye subira hata kidogo.

---

NidhamuKwanza

Nimesoma mpaka hapa. Matroni, tunafungua Jumatatu wiki ijayo na kidato cha nne wana mtihani wa majaribio mwezi huo huo. Likitokea usiku, mlinzi na mimi tu tupo, matroni wetu analala nje ya shule. Nianzie wapi?

---

MatroniMstaafu

Anzia kabla halijatokea, mwalimu. Mwombe mkuu wa shule matroni alale ndani mwezi wa mtihani, hata kama ni kwa posho. Tenga chumba kimoja mbali na mabweni, godoro, maji, taa isiyo kali. Chagua wasichana wawili wakubwa watulivu uwafundishe wao tu: mmoja anamtoa aliyeanza, mwingine anawarudisha wenzake vitandani. Simu zikusanywe mapema, si wakati wa purukushani. Namba ya muuguzi ibandikwe ukutani. Wiki ya kwanza pita darasani na karatasi tupu, kila mtu aandike bila jina kinachomtisha, na wewe mwenyewe uzisome zote. Utakayoyakuta yanayohitaji polisi au ustawi wa jamii, usiyalaze.

Fimbo iache ofisini usiku huo. Ukifika mlangoni kwa bweni, simama kwanza, vuta pumzi, ndipo ubishe hodi.